LEBO YA BOKSI LA SAMAKI NI NGAO YA MFANYAKAZI



Wenzetu wanaopokea samaki katika vyumba vya baridi hapa Kigali mara nyingi huiona lebo kuwa ni karatasi tu. Boksi la sangara wa Ziwa Victoria au la sambaza wa Ziwa Kivu likifika na lebo iliyofutika, hupangwa pamoja na mengine, basi. Jambo hilo ni la hatari kwa mlaji, na ni la hatari pia kwa ajira yetu.

Tukumbuke yaliyotokea mwaka 1999. Ilibainika kuwa baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakiua samaki kwa sumu, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hilo. Waliotuhumiwa walikuwa wachache, lakini pigo lilimpata kila mtu, kwa sababu haikuwezekana kuthibitisha haraka ni samaki yupi salama na yupi si salama. Huko Uganda viwanda vilifunga au kupunguza kazi, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Tangu tarehe 1 Januari 2005 sheria ya Ulaya inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula aweze kuonyesha amenunua kwa nani na amemwuzia nani. Lebo ndiyo inayounganisha mnyororo huo.

Lebo nzuri inaeleza nini? Inaeleza aina ya samaki, mahali alipovuliwa au kufugwa, jina na namba ya kiwanda, uzito bila boksi, tarehe ya kugandishwa, tarehe ya mwisho ya kutumiwa, na baridi inayotakiwa, ambayo kwa samaki aliyegandishwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kubwa kuliko yote ni namba ya fungu. Kwa mfano, 25-034-2 yaweza kumaanisha mwaka 2025, siku ya 34, yaani tarehe 3 Februari, zamu ya pili. Samaki wa fungu hilo wakionekana wabaya, yanaondolewa maboksi ya zamu hiyo peke yake. Bila namba, chumba kizima hutupwa.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kwanza, anayechapa apewe namba ya fungu kutoka daftari la mapokezi, asiibuni mwenyewe. Pili, achape lebo moja tu, ailinganishe na daftari, kisha ndipo achape zilizobaki. Kosa la tararakimu moja katika lebo ya kwanza ni kosa katika maboksi mia tano. Tatu, karatasi ya kawaida huloa na kuchanika. Lebo ya plastiki iliyochapwa kwa utepe wa wino hustahimili maji na barafu. Ile inayochapwa kwa joto bila utepe hufifia upesi ikikaa juani au karibu na moto. Nne, lebo ibandikwe boksi likiwa kavu, kabla halijaingia kwenye baridi, kwa kuwa gundi haishiki juu ya barafu. Ibandikwe ubavuni, isiwe juu, ili isomeke maboksi yakiwa yamepangwa. Tano, lebo zilizochapwa zihesabiwe, na zilizosalia ziharibiwe mbele ya msimamizi. Lebo inayozagaa ni kishawishi.

Kishawishi hicho ndicho kiini cha makala hii. Mfanyakazi anaweza kuamriwa abandue lebo ya zamani na kubandika tarehe mpya. Siku mambo yakiharibika, aliyeamuru atasema hajui, na mkono utakaoonekana ni wa aliyebandika. Ndugu, ukipewa amri ya namna hiyo, iombe kwa maandishi, na umwite mjumbe wa wafanyakazi kabla hujagusa boksi. Usibishane peke yako.

Tena, namba ya zamu isigeuzwe fimbo ya kuwachapia wafanyakazi. Inaonyesha samaki walipita lini. Haionyeshi nani mwenye kosa. Huenda samaki waliharibika njiani, au umeme ulikatika. Kwa hiyo tudai daftari la joto la chumba na la lori lisomwe kwanza, na mfanyakazi asikilizwe kabla ya kuadhibiwa.

Wajumbe wa kila zamu wanaombwa kuzungumza habari hizi na wenzao, na kuleta maswali yao tawini.