"Daktari, nidunge nipumzike": Je, ni huruma au ni mauaji?

Mpenzi msomaji, ungemjibu nini mzazi wako mgonjwa, ambaye unajua hatapona, akikushika mkono na kukuomba umsaidie kufa?

Mimi niliombwa hivyo miaka kadhaa iliyopita. Mwenye kuniomba alikuwa mzee mshonaji wa nguo katika mtaa wa Kaloleni hapa Nairobi. Alikuwa na saratani ya ile tezi iliyo chini ya kibofu cha wanaume, nayo ilikuwa imekwisha kuenea hadi mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitali aliyokuwa amelazwa ilimruhusu aende nyumbani. Mwanawe aliambiwa kwamba hakuna zaidi linaloweza kufanywa.

Nilipoitwa kumwona, Jumamosi moja jioni, alikuwa hajapata usingizi kwa usiku tatu. Kulala chali hakuwezi, kuketi hakuwezi. Dawa alizopewa ni tembe za kawaida, kama zile unazonunua dukani ukiumwa na kichwa. Aliwaomba watu watoke chumbani, kisha akaniambia: "Mwanangu, sindano unazo. Nidunge nipumzike. Hata ng'ombe akivunjika mguu hatumwachi ateseke hivi."

Nje mlangoni mwanawe alinivuta kando. "Daktari, kama kuna la kufanya, lifanye. Sisi hatutamwambia mtu."

Nilikataa. Nikamweleza mzee kwamba kazi yangu ni kutibu wala si kuua. Kisha nikaandika tembe za aina ile ile, nikaongeza idadi, nikaenda zangu nyumbani. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Kukataa kwangu hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba nilikataa nikamwacha mtu yule na maumivu yake.

MAMBO MATATU TOFAUTI

Kabla sijakueleza yaliyompata mzee, hebu tutenganishe mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni kuua kwa huruma, au eutanasia. Neno hili lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "kifo chema". Hapa daktari humpa mgonjwa dawa kwa nia ya kumwua, kwa kuwa mgonjwa ameomba. Linalokaribiana nalo ni daktari kumwandikia mgonjwa dawa ya kufisha ili ainywe mwenyewe.

La pili ni kuacha matibabu ambayo hayasaidii tena. Mgonjwa huondolewa mashine ya kupumua, au hukataa kufanyiwa upasuaji mwingine, na maradhi yakaachwa yaende njia yake. Kisa cha Karen Ann Quinlan wa Marekani kilijulikana sana. Alipoteza fahamu mwaka 1975, na mwaka 1976 mahakama kuu ya jimbo la New Jersey iliruhusu mashine iondolewe. Yeye hakufa siku hiyo. Aliendelea kupumua mwenyewe hadi mwaka 1985. Kuondoa mashine, basi, si sawa na kuua.

La tatu ni kutuliza maumivu kwa dawa kali, hata kama kuna uwezekano kwamba dawa hiyo itafupisha maisha kidogo. Nia hapa ni kuondoa maumivu. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari kuhusu suala hili, akajibu kwamba dawa ya namna hiyo inaruhusiwa ikiwa hakuna njia nyingine. Nami nikuhakikishie kwamba mofini ikitolewa kwa kipimo kinachofaa na kuongezwa pole pole, kwa kawaida haimwui mgonjwa. Kinachomwua ni ugonjwa.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Kenya jambo la kwanza ni kosa la jinai. Kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho, hata kama mgonjwa angekufa kwa ugonjwa wake. Kifungu cha 225 nacho kinaeleza kwamba anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha. Ni kweli kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Lakini uamuzi huo ulimhusu aliyejaribu, haukumhusu anayemsaidia.

Jambo la pili na la tatu hayana matatizo hayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa akubali kabla ya kutibiwa. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa matibabu asiyoyataka.

Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. Uholanzi iliruhusu kifo cha huruma kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2002. Ni lazima mgonjwa aombe kwa hiari yake, mateso yake yawe hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua, daktari wa pili asiyehusika amwone, na kamati ipelekewe ripoti. Ubelgiji ilifuata mwaka huo huo. Katika jimbo la Oregon, Marekani, tangu mwaka 1997 mgonjwa anayetarajiwa kufa kabla ya miezi sita kwisha anaweza kuandikiwa dawa ainywe mwenyewe. Kanada iliruhusu mwaka 2016 kwa watu ambao kifo chao kilionekana kukaribia, na mwaka 2021 ikaondoa sharti hilo.

Wanaounga mkono sheria hizi si wauaji. Wanasema kwamba maisha ni ya mwenyewe, na kwamba ni ukatili kumlazimisha mtu kumaliza mateso hadi tone la mwisho. Wanaopinga husema uhai ni amana ya Mungu, na kwamba mlango huu ukifunguliwa kidogo utazidi kupanuka. Waislamu na Wakristo wengi hapa kwetu watasema hivyo. Chama cha Madaktari Duniani nacho kinapinga.

MZEE ALITAKA NINI?

Jumatatu nilimsimulia daktari mwenzangu kisa cha mzee. Aliniuliza swali moja tu: "Umempa mofini?"

Sikuwa nimempa. Katika masomo yangu nilifundishwa kuiogopa mofini kabla ya kufundishwa kuitumia. Niliamini ni dawa ya siku ya mwisho, na kwamba mgonjwa atakuwa mtumwa wake. Jumanne muuguzi wa hospisi alikwenda Kaloleni na chupa ya mofini ya maji. Mzee alianza kunywa kipimo kidogo kila baada ya saa nne, na kipimo kikaongezwa kadiri ilivyohitajika. Alipewa pia dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Usiku wa tatu alilala hadi asubuhi.

Nilipomtembelea Jumamosi iliyofuata, nilimwuliza kama bado anataka ile sindano. Alicheka. "Daktari, mimi sikutaka kufa. Nilitaka usiku uishe."

Aliishi majuma saba zaidi. Alimwita kijana wake wa Mombasa ambaye hawakuwa wakizungumza, wakapatana. Cherehani yake alimpa mjukuu wa kike. Alikufa kitandani mwake watu wake wakiwa kando yake.

Sasa fikiria, msomaji, kama ningekubali ombi lake Jumamosi ile ya kwanza. Ningesema nimetimiza matakwa ya mgonjwa, kumbe nimemwua mtu aliyekosa dawa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaohitaji huduma hii duniani, ni kama 14 tu wanaoipata. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na leo kuna huduma kama hizo katika kaunti nyingi, lakini wagonjwa wengi hawajui. Jirani zetu wa Uganda walianza hospisi yao mwaka 1993 chini ya Daktari Anne Merriman, wakitumia mofini ya maji, ambayo ni rahisi kutengeneza. Mwaka 2004 wakawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum kuiandika dawa hiyo, ili wagonjwa wa vijijini wasisubiri daktari ambaye hayupo.

BILI NA SHAMBA

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Kwetu, ugonjwa wa mmoja ni deni la ukoo mzima. Harambee huitishwa, shamba huuzwa, watoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mama anayelala akijua kwamba kila siku anayoishi inakula ardhi ya watoto wake anaweza kuomba kufa kwa sababu ya upendo tu. Hapo haki ya kufa itageuka kuwa wajibu wa kufa, na hakuna kamati itakayoweza kuona tofauti.

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba mofini hujibu kila kitu. Niliwahi kumtibu mama aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa inayoendesha misuli. Hakuwa na maumivu makali. Alipoteza mikono, kisha miguu, kisha sauti, huku akili yake ikiwa safi kabisa. Alipokuwa bado anaweza kusema aliniomba nisimwache afike mwisho ule. Nilikataa, nikaendelea kumtembelea hadi alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu. Hakuliondoa ombi lake. Mpaka leo sina jibu ambalo lingemridhisha, wala simlaumu aliyemwelewa kuliko mimi.

Lakini sheria huandikwa kwa watu wote. Msimamo wangu ni kwamba nchi ambayo haijamfikishia mgonjwa dawa ya maumivu haina haki ya kumwuliza kama anataka kufa. Huwezi kusema mtu amechagua kifo ikiwa kitu kingine pekee ulichomwekea mbele ni mateso.

UFANYE NINI?

Kama una mgonjwa wa aina hii nyumbani, zingatia haya:

1. Akisema anataka kufa, usimkemee wala usimwambie asikufuru. Mwulize ni kitu gani kinachomsumbua zaidi. Huenda ni maumivu, hofu, deni au upweke, na mengi ya hayo yana dawa.

2. Mwulize daktari waziwazi kuhusu mofini. Mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu, chini ya uangalizi, ni nadra kuwa mraibu. Usingizi wa siku za kwanza kwa kawaida hupungua.

3. Usingoje siku za mwisho ndipo utafute hospisi. Huduma hii inaweza kuanza tangu ugonjwa unapogunduliwa, pamoja na matibabu mengine.

4. Zungumzeni mapema, mgonjwa akiwa na nguvu. Je, angependa kuwekwa kwenye mashine? Angependa kufia wapi? Nani amsemee akishindwa kusema? Andikeni majibu yake.

5. Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya matibabu mapya, mwulize daktari: "Matibabu haya yatamponya, yatamwongezea siku, au yatamwongezea mateso?" Una haki ya kupewa jibu la kweli.

Tukisikia mgonjwa akisema "nidunge nipumzike", tusikimbilie sindano, wala tusikimbilie mlango kama nilivyofanya mimi. Tuvute kiti tuketi, tumwulize usiku wake ulikuwaje.