Mgonjwa asikilizwe kwa lugha yake



Leo tunaeleza jambo linalowagusa wengi waliofika ugenini: mgonjwa wa akili anaweza kupewa jina la ugonjwa usio wake kwa sababu daktari hafahamu lugha wala desturi yake. Mfano wetu unatoka Marekani. Huko mamilioni ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanaoitwa Walatino, husema Kihispania nyumbani, lakini hospitalini mara nyingi hukuta daktari anayejua Kiingereza tu.

Lugha hubadili nini?

Mwaka 1973, daktari Luis Marcos na wenzake wa New York walichunguza wagonjwa wachache wa skizofrenia, ugonjwa ambao humfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Lugha yao ilikuwa Kihispania. Walipoulizwa kwa Kiingereza, walionekana wagonjwa zaidi kuliko walipoulizwa kwa Kihispania. Kwa nini? Anayesema lugha ya kujifunza husita, hutafuta maneno, hujibu kwa ufupi. Daktari huweza kudhani kwamba ukimya huo ni dalili ya ugonjwa.

Lakini kinyume chake hutokea pia. Mwaka 1970 daktari mwingine alieleza habari za wagonjwa ambao ugonjwa wao ulionekana wazi kwa lugha ya mama, na kwa Kiingereza ukajificha. Basi makosa ni mawili: kuzidisha ugonjwa, au kutouona.

Desturi nayo?

Watu wa Puerto Rico na visiwa jirani wana shida wanayoiita «ataque de nervios». Mtu akipata habari ya msiba au ugomvi wa nyumbani, hupiga kelele, hulia, hutetemeka, na pengine huanguka. Jamaa zake wanajua maana yake: ameelemewa. Daktari mgeni anaweza kudhani ni wazimu au kifafa. Hata hivyo tusiseme «ni desturi tu» na kumwacha. Baada ya mafuriko ya mwaka 1985 huko Puerto Rico, watafiti waliona kwamba watu waliopata hali hiyo walikuwa na huzuni kubwa na wasiwasi kuliko wengine. Walihitaji msaada.

Mwaka 2013, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza katika kitabu chake cha kutambua magonjwa maswali 16 ya kumwuliza mgonjwa: shida yako unaielezaje kwa jamaa zako? Unafikiri imetoka wapi? Nani amekusaidia?

Na sisi hapa Kongo?

Mama aliyekimbia Masisi au Fizi anaweza kununua chumvi kwa Kiswahili, lakini kilio cha mtoto wake aliyepotea akakieleza kwa Kihunde au Kibembe. Muuguzi naye anaandika kwa Kifaransa. Kwa hiyo tunawaomba:

1. Mgonjwa aulizwe kwanza: «Unapenda kusema kwa lugha gani?»
2. Mtafsiri awe mtu mzima anayetunza siri. Asiwe mtoto wa mgonjwa. Kuna mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe.
3. Mtafsiri aseme yote kama yalivyosemwa. Asipunguze kwa aibu, asiongeze, wala asijibu mahali pa mgonjwa.
4. Taja shida kwa neno la kwenu, kisha eleza: ilianza lini, baada ya tukio gani, analala na kula namna gani.
5. Viongozi, andikeni lugha zinazosemwa katika kambi yenu, na watu wa kuaminiwa wanaoweza kutafsiri, wanawake kwa wanaume. Wapelekeeni wauguzi orodha hiyo.

Na jirani asiyeelewa lugha ya mgonjwa asifanye haraka kumwita kichaa. Jina hilo likishamshika mtu, hata akipona, watu huendelea kumkwepa. Kumsikiliza vema ni kazi ya amani pia.