Akina Mama, Tupige Hesabu Kabla ya Kukopa

Tuliingia nyumbani kwa mwenzetu saa kumi jioni, tukatoka na cherehani yake. Hatukuwa wezi. Tulikuwa wanawake wanne wa kanisa moja, naye alikuwa wa tano, na sote tulikuwa tumedhaminiana katika mkopo wa kikundi. Mtoto wake alikuwa amelazwa kwa malaria, naye akakosa marejesho ya majuma mawili. Afisa mikopo alituambia wazi kwamba aliyebaki nyuma akishindwa, wadhamini watalipa. Tukaiuza cherehani kwa bei ya kutupa. Deni likaisha, lakini Jumapili iliyofuata nafasi yake kanisani ilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo tunajiuliza: kosa lilikuwa wapi?

Kukopa si dhambi. Wengi wetu hatuna ajira ya mshahara. Tunauza mandazi, mitumba na dagaa, tunashona na kusuka. Benki inataka hati ya nyumba au barua ya mwajiri, nasi hatuna hata kimoja. Ndiyo maana habari za Bangladesh zilitufurahisha. Mwaka 1976 mwalimu wa uchumi wa huko, Muhammad Yunus, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 tu, nao wakalipa. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa Benki ya Grameen mwaka 1983, ikiwakopesha maskini, wengi wao wanawake, katika vikundi vya watu watano. Mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mashirika mengi yakafuata njia ya vikundi, hata hapa kwetu Tanzania, na mengine yakakifanya kikundi chenyewe kuwa dhamana.

Hesabu ya mandazi

Tuchukue mfano. Mama anaandikiwa mkopo wa shilingi 300,000. Ada na makato ni 30,000, hivyo anapokea 270,000. Atarejesha 30,000 kila juma kwa majuma 12, yaani 360,000. Mkopo huo unamgharimu 90,000 kwa miezi mitatu.

Sasa tuangalie karai. Kwa siku anapata faida ya 4,000. Siku sita ni 24,000. Rejesho ni 30,000. Kabla hajanunua hata kibaba cha unga wa watoto, tayari amepungukiwa 6,000. Fedha hiyo ataitoa wapi? Ataitoa kwenye mtaji, yaani ngano na mafuta ya kesho. Baada ya majuma machache karai linapoa, naye anakimbilia mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Mikopo ya namna hiyo mitaani huitwa kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Wale kati yetu tulio wauguzi huwaona kliniki akina mama wenye shinikizo la damu ambao wameacha dawa, kwa sababu fedha ya dawa imekwenda kwenye rejesho.

Sanduku la kufuli tatu

Iko njia nyingine. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, nchini Niger, walianza kwa msaada wa shirika la CARE vikundi vya kuweka akiba kwanza na kukopeshana baadaye. Kwetu njia hiyo tunaijua kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa, fedha hutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Riba haiendi mbali. Mwisho wa mzunguko hugawanywa kwa wanachama wenyewe.

Lakini kinachotugusa zaidi ni mfuko wa jamii. Kila mkutano mwanachama huchangia kidogo kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Laiti tungekuwa nao, malaria ya mtoto yule isingeiondoa cherehani. Nasi tulijua kabisa kwamba watoto huugua. Tulijua, lakini katika hesabu zetu hatukuweka hata senti kwa ajili yao.

Maswali kabla ya kutia sahihi

1. Faida yangu ya juma, nikiisha kutoa chakula cha nyumbani, inatosha rejesho?
2. Nitapokea kiasi gani mkononi, na nitarudisha kiasi gani kwa jumla?
3. Mkopeshaji ana leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo.
4. Mwenzetu akiugua, tumepanga nini?

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mjane ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili. Elisha alianza kwa kumwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Majirani walimwazima vyombo, mafuta yakaongezeka, akauza, akalipa deni, na yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyosalia.

Majirani wa mjane yule walileta vyombo. Sisi tulichukua. Basi tulimwendea mwenzetu, tukamwomba radhi, na sasa tunachanga kidogo kidogo mpaka apate cherehani nyingine. Jumapili iliyopita alikuja kanisani. Aliketi nyuma kabisa, lakini alikuja.