Gunia la Mang'ola na kitanzi cha sharti

Kitanzi cha sharti ni amri inayoiambia kompyuta irudie kazi ileile maadamu sharti fulani bado ni kweli. Hufaa pale ambapo idadi ya mizunguko haijulikani mapema. Mfungashaji wa vitunguu huko Mang'ola, wilayani Karatu, anayetumia mizani hana haja ya kuhesabu ndoo: gunia likiwa halijatimia kilo 100, anamimina nyingine ya kilo 15. Katika Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kazi hiyo huandikwa hivi:

uzito = 0
while uzito < 100:
    uzito = uzito + 15

Kompyuta hupima sharti kwanza, ndipo humimina, kisha hurudi juu kupima tena. Gunia lililokwisha kujaa haliongezwi hata kitunguu kimoja.

Wanaoanza huteleza hapa: katikati ya mzunguko, sharti halipimwi. Uzito ukiwa 90, sharti bado ni kweli, ndoo ya saba inamiminwa, na gunia linatoka na kilo 105. Hiyo ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ileile inayopigwa vita na Wakala wa Vipimo, kwa kuwa mkulima anayelipwa kwa gunia hupunjwa kila kilo iliyozidi. Dawa ni kuipima ndoo kabla ya kuimimina: while uzito + 15 <= 100. Gunia litaishia 90.

Kosa jingine, kitanzi kikiwa na mistari mingine ndani, ni kuusahau ule wa kuongeza. Uzito hubaki 0, sharti huwa kweli daima, na programu huzunguka bila kukoma hadi mtu abonyeze Ctrl na C kwa pamoja.

Kreta ya Ngorongoro inafundisha kwa saa lile kosa la kwanza, la sharti kutopimwa katikati ya mzunguko. Magari ya watalii yanatakiwa yawe yametoka ifikapo saa 12 jioni. Sharti la saa < 18 litaliruhusu gari lianze mzunguko mwingine saa 11:50, likiwa mita 600 chini ya ukingo, na giza lilikute humo. Muda wa kupanda lazima uingizwe ndani ya sharti. Tena ni 18, si 12: saa ya kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, ya Kiswahili huanza jua linapochomoza. Aliyeandika saa < 12 amewatoa wageni kretani adhuhuri.

Kabla ya kuiendesha programu, mwanafunzi achukue karatasi aandike uzito mzunguko kwa mzunguko: 0, 15, 30, hadi 90. Hapo asimame, alisome sharti upya.