Kinyozi Hajinyoi: Uhakiki wa Kiendeshi cha Diski katika Kiini cha Linux

Katika taaluma ya fasihi, uhakiki ni kazi ya kuisoma sanaa kwa makini, kuipima na kuitolea hukumu yenye ushahidi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba uhakiki una makao pia mahali ambapo aghalabu hatuutarajii: katika uandishi wa programu zinazoendesha kompyuta. Mfano wetu ni kiendeshi cha diski katika Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Msimbo wa Linux ni huria. Yaani, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza.

Kiini hugawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa mashine, ilhali kiendeshi ni mkalimani baina ya kiini na kifaa. Mwanafunzi anapohifadhi tasnifu yake, kiini hutoa ombi. Kiendeshi hulifasiri likawa amri inayoeleweka na diski, huiweka kwenye foleni, kisha hungoja jibu. Utaratibu wa awali wa AHCI ulikuwa na foleni moja ya amri 32 kwa kila diski. Utaratibu wa NVMe, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2011, unaruhusu hadi foleni 65,535, kila moja ikibeba hadi amri 65,536. Kiendeshi chake kiliingia katika Linux 3.3, iliyotolewa Machi 2012.

Uzito wa kazi hii umo katika ukweli wa neno moja: "tayari". Diski nyingi hupokea data kwanza katika hifadhi ya muda, ambayo huenda ikapotea umeme ukikatika. Kiini kinapotaka uhakika, kiendeshi hakina budi kuiamuru diski ihamishe data hiyo hadi mahali pa kudumu. Kiendeshi kikiiacha amri hiyo na bado kikajibu "tayari", mwenye tasnifu ataamini kuwa kazi yake i salama, kumbe sivyo. Kosa la aina hii laweza kujificha kwa miezi mingi hadi siku umeme utakapopotea.

Kwa sababu hiyo, mwandishi wa msimbo hajipitishii kazi yake mwenyewe. Huigawa katika viraka vidogo, kila kiraka kikiwa na badiliko moja na maelezo ya sababu yake, kisha huviweka hadharani. Tangu mwaka 2004, kila mchangiaji hutia jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Wahakiki nao huuliza: Je, kumbukumbu iliyoazimwa imerudishwa? Diski ikichomolewa amri ikiwa njiani, itakuwaje? Aliyeridhika huongeza jina lake chini ya kiraka, naye msimamizi wa sehemu hiyo huamua kukipokea au kukirudisha.

Swali gumu zaidi ni la jibu lililochelewa. Kila amri ya NVMe hupewa nambari, na nambari hiyo hutumika tena amri ikishakamilika. Diski yenye hitilafu ikirudisha jibu la zamani, kiendeshi chaweza kulidhania kuwa la ombi jipya. Mwaka 2021 wasanidi walitenga sehemu ya nambari hiyo iwe hesabu ya mizunguko, ili jibu la zamani litambulike. Hata hivyo, mwaka huohuo ilibainika kwamba baadhi ya vidhibiti vya Apple hutumia nambari ya amri kama faharasa ya jedwali lao la ndani, na hushindwa inapozidi mipaka. Kiraka kingine kikaandikwa ili kuvisamehe vidhibiti hivyo.

Tukio hili latufunza kwamba uhakiki huu una nyuso mbili. Uhakiki wa fasihi kwa kawaida hufuata uchapishaji. Huu huutangulia, kama kazi ya mhariri, kisha huendelea baada yake, kwa kuwa kila kifaa kipya ni msomaji mpya anayeweza kuufichua upungufu. Kinyume na mahakama ya msomaji wa riwaya, hapa rufaa iko wazi daima, na kila hukumu hubaki imeandikwa pamoja na jina la aliyeitoa.