China katika Magazeti ya Visiwa vya Solomon: Nani Anasimulia?

Tukisoma gazeti ni rahisi kudhani kwamba habari imetufikia kama ilivyotokea. Kumbe imepita kwanza katika mikono ya watu: aliyeitoa, aliyeiandika na aliyelipia karatasi. Mfano mzuri wa jambo hili ni Visiwa vya Solomon.

Nchi hiyo ipo katika Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Papua Guinea Mpya, na ina watu wasiofikia milioni moja. Kwa miaka 36 ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Septemba 2019, serikali ya Waziri Mkuu Manasseh Sogavare iliiacha Taiwan na kuitambua China. Tangu hapo vyombo vya habari vya huko vimekuwa vikiichora China kwa sura mbalimbali.

Mfadhili au tishio?

Sura ya kwanza ni ya mfadhili. Mjini Honiara, China iligharimia uwanja wa taifa uliotumika katika Michezo ya Pasifiki ya mwaka 2023. Habari za namna hii ni rahisi kuandika: kuna sherehe, hotuba na picha, na taarifa ya ubalozi huwa tayari. Si za uongo, maana uwanja upo. Lakini sherehe haimwambii mwananchi nani atalipia matunzo ya uwanja huo miaka ijayo.

Sura ya pili ni ya tishio, nayo husikika zaidi katika vyombo vya Australia na Marekani. Machi 2022, rasimu ya mkataba wa usalama kati ya China na Visiwa vya Solomon ilivuja mitandaoni. Mara vyombo vya nje vikajaa hofu ya kambi ya jeshi la China, jambo ambalo Sogavare alilikana. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika kelele hizo, swali la mwenyeji lilifunikwa: mkataba unaohusu nchi yangu unasema nini hasa? Ulitiwa saini mwezi uliofuata bila maandishi yake kuwekwa wazi kwa wananchi.

Wanahabari wenyewe hawakukaa kimya. Mei 2022, waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alipofika Honiara, nafasi ya kuuliza maswali ilibanwa mno. Chama cha wanahabari wa nchi hiyo kikawataka wanachama wake wasusie mkutano huo. Hawakuwa wakiipinga China. Walikuwa wakidai haki ya kuuliza.

Mkono mtupu haulambwi

Kwa nini basi gazeti likubali sura moja? Soko ni dogo, wasomaji ni wachache, matangazo ya biashara ni haba na mitambo ni ghali. Mwaka 2023, mtandao wa waandishi wa uchunguzi OCCRP uliripoti kwamba gazeti la Solomon Star liliomba fedha za vifaa kutoka China, huku likiahidi kueneza ukweli kuhusu ukarimu wake. Gazeti lilikana kuwa na upendeleo, likaeleza kwamba lilikuwa limeiomba Australia kwa miaka mingi bila mafanikio.

Maelezo hayo yanatufundisha tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mhariri mwenye mtambo mbovu hukabiliwa na uchaguzi mgumu. Hata hivyo, msaada usiotangazwa kwa wasomaji unawanyima kipimo cha kupimia wanachosoma. Na kanuni ni ile ile fedha zitoke Beijing, Canberra au Washington.

Tusomeje?

Mbele ya habari ya taifa kubwa, tujiulize mambo matatu. Je, maneno haya ni ya mwandishi au ni taarifa ya ubalozi iliyochapwa tena? Je, yumo mwananchi wa kawaida, au viongozi na wageni peke yao? Je, gharama na masharti yametajwa?

Taifa dogo laweza kukosa jeshi kubwa na fedha nyingi. Lakini likipoteza waandishi wanaoweza kuuliza, litasimuliwa na wengine, na mikataba kuhusu ardhi na bahari yake itajulikana kwanza kwa wageni.