Masizi ya Kibatari na Mwanga Unaoyatambua

Nyumba inayotumia kibatari huonekana: dari jeusi, na asubuhi makamasi ya watoto ni meusi pia. Weusi huo ni kaboni, ndugu ya makaa, ya ile nyeusi ya ndani ya penseli na hata ya almasi. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2012 vilionyesha kwamba katika kila gramu 100 za mafuta ya taa zinazoungua kwenye kibatari, gramu 7 hadi 9 hugeuka masizi. Chembe zake hupimwa kwa nanometa, yaani milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Kwa udogo huo hupenya hadi vifuko vya hewa ndani ya mapafu.

Ikiwa vyote ni kaboni, wataalamu huvitofautishaje? Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Chenye ufa hulia vingine. Wataalamu nao "hugonga" kwa mwanga wa leza. Karibu mwanga wote hurudi na rangi ileile, lakini sehemu ndogo mno hurudi imebadilika rangi kidogo, kwa kuwa imezitikisa atomi. C. V. Raman wa India aligundua jambo hili mwaka 1928, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kwa kipimo chake almasi huonyesha mstari mmoja mwembamba. Masizi huonyesha miwili mipana, dalili kwamba atomi zake zimekaa ovyo.

Viwanda navyo hutengeneza vijibomba vya kaboni, ambavyo Sumio Iijima wa Japani alivieleza mwaka 1991. Chenye ukuta mmoja hutanuka na kusinyaa kama kifua kinachopumua, na mwanga hutambua hapo upana wake. Urefu hauonyeshi vizuri, nao ndio wenye mashaka: mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliona vijibomba virefu vikileta uvimbe ndani ya panya kama asbesto, vifupi havikuleta. Urefu unaweza kupimwa kwa darubini ya elektroni.

Masizi ya nyumbani kwetu hayangoji leza. Kibatari kisiwake chumbani anamolala mtoto, na mwenye uwezo anunue taa ya sola. Dari lifutwe kwa kitambaa kibichi, si kwa fagio kavu.